Pumzi Inapokwama Kooni Baada ya Nusukaputi: Maelezo kwa Wagonjwa na Familia Zao

Kipeperushi hiki kimekusudiwa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Uingereza ambazo mmoja wao amefanyiwa upasuaji kwa dawa ya nusukaputi, au anatarajia kufanyiwa. Kinaeleza tatizo ambalo aghalabu halizungumzwi nyumbani: mgonjwa ameamka salama, jeraha lake linaendelea vyema, lakini sauti yake imebadilika, au pumzi yake inakwama kooni kila anapojaribu kuivuta.

Jambo moja tunaomba likumbukwe kuliko yote. Sauti iliyobadilika baada ya nusukaputi kwa kawaida huweza kusubiri. Pumzi inayokataa kuingia haisubiri. Maelezo yote yanayofuata yanaegemea tofauti hiyo.

Nyuzi za sauti na kazi zake

Mbele ya shingo, pale panapopanda na kushuka mtu anapomeza, ndipo lilipo zoloto. Ndani ya zoloto mna mikunjo miwili midogo ya nyama iitwayo nyuzi za sauti. Ingawa huitwa nyuzi, hazikukazwa kama nyuzi za gambusi. Zafanana zaidi na mapazia mawili yaliyoshikana upande wa mbele na kuachana upande wa nyuma.

Nyuzi hizi zina kazi tatu. Kwanza, tunapovuta pumzi hufunguka ili hewa ipite kuelekea mapafuni. Pili, tunaposema au kuimba hukaribiana na kutikisika, na mtikisiko huo ndio asili ya sauti. Tatu, tunapomeza hujifunga kabisa ili chakula na maji visiingie katika njia ya hewa. Basi hitilafu ikizipata, dalili zake hujitokeza katika mambo hayo hayo matatu: pumzi, sauti na kumeza. Mgonjwa na wanaomuuguza hawana budi kuyaangalia yote matatu.

Yanayotokea wakati wa nusukaputi

Si kila dawa ya upasuaji hugusa koo. Mama anayejifungua kwa upasuaji hapa Uingereza mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho, na kooni mwake hakipitishwi kitu. Katika nusukaputi, yaani usingizi kamili, mambo ni tofauti, kwa kuwa daktari wa usingizi hana budi kuilinda njia ya hewa. Katika upasuaji wa namna fulani huweka kifaa laini kinachokaa juu ya zoloto. Katika mwingine hupitisha mrija katikati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya bomba la hewa. Mrija huo humfikishia mgonjwa oksijeni na kuyakinga mapafu yake yasiingiwe na matapishi. Huwekwa akiwa amekwisha kulala na hutolewa anapoanza kuamka, hivyo wengi hawatambui kamwe kwamba ulikuwapo.

Mrija unapotolewa, pengine nyuzi za sauti hujifunga ghafla kwa kushtuka, hewa isipite. Hali hii huitwa mkazo wa zoloto. Huwapata zaidi watoto, watu wenye mafua, na wavutaji wa sigara. Hutokea mbele ya daktari wa usingizi, ambaye amefunzwa kuikabili papo hapo kwa oksijeni na, ikibidi, kwa dawa ya kulegeza misuli. Ukielezwa kwamba ilimtokea mgonjwa wako, omba upewe habari hiyo kwa maandishi, maana daktari wa usingizi wa safari ijayo ataihitaji.

Yaliyo ya kawaida katika siku za mwanzo

Koo kuuma, koo kukauka na sauti kukwaruza ni mambo yanayowapata wagonjwa wengi baada ya nusukaputi. Sababu yake ni kuguswa na kuvimba kidogo kwa ngozi laini ya kooni. Kwa wengi hupungua siku hadi siku na kuisha bila tiba maalumu. Maji ya kunywa kidogo kidogo, vyakula laini, na dawa za maumivu ulizoruhusiwa na hospitali hutosha.

Sauti iliyokwaruzika isiporudi baada ya wiki 3, muone daktari wa familia, yaani GP, hata kama huna maumivu yoyote. Usingoje wiki hizo 3 ikiwa sauti imefifia hata imekuwa kama upepo mtupu, au ikiwa unapaliwa kila unapokunywa maji. Katika hali hiyo ipigie simu siku ile ile wodi iliyokuhudumia, kwa nambari iliyoandikwa katika barua ya kuruhusiwa, au upige 111.

Nyuzi zinapojifunga wakati wa kuvuta pumzi

Kwa watu wachache, zoloto hubaki likiwa jepesi kushtuka. Nyuzi za sauti, badala ya kufunguka mtu anapovuta pumzi, hukaribiana na kuacha upenyo mdogo tu upande wa nyuma. Hii ndiyo hitilafu ya mwendo wa nyuzi za sauti. Huweza kuonekana katika chumba cha kuamkia, muda mfupi baada ya mrija kutolewa. Huweza pia kumpata mtu akiwa nyumbani, anapokutana na moshi, harufu kali, kikohozi, kiungulia au mfadhaiko. Wengine walikuwa nayo tangu zamani bila kuijua, na upasuaji ukawa sababu ya kuidhihirisha.

Dalili zake ni hizi:

• Ugumu uko katika kuvuta pumzi ndani kuliko katika kuitoa nje.
• Mluzi au mkwaruzo husikika shingoni wakati hewa inapoingia.
• Mgonjwa huhisi kama anakabwa, na mara nyingi hushika koo lake bila kukusudia.
• Sauti hukatika au kukwaruza, na huweza kuandamana na kikohozi kikavu.
• Shambulio huanza kwa ghafla, na pengine huisha kwa ghafla vile vile.

Wakati wa shambulio, kipimo kinachobanwa kidoleni aghalabu huonyesha kwamba oksijeni ya damu iko sawa. Hilo ni jema, lakini lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba mgonjwa anajifanya. Upenyo uliosalia hupitisha hewa ya kutosha kumhifadhi, ilhali yeye mwenyewe anahisi kwamba anakata roho. Kumwambia "acha maigizo" humwongezea hofu, na hofu huzikaza nyuzi zaidi. Hali hii si uongo, si kupagawa, wala si upungufu wa imani. Ni misuli midogo inayokwenda kinyume na inavyotakiwa, nayo hufundishika.

Inafanana na pumu, lakini si pumu

Mwaka 1983 madaktari wa mjini Denver, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 5 waliokuwa wakitibiwa kama wenye pumu isiyosikia dawa. Walipotazamwa koo kwa kamera wakati wa shambulio, ilionekana kwamba mapafu hayakuwa na kosa; nyuzi za sauti ndizo zilizokuwa zikijifunga. Mazoezi ya pumzi na ya usemi yaliwafaa pale ambapo dawa za pumu hazikuwafaa. Tangu hapo hali hii imejulikana zaidi, lakini bado kuna watu wanaoongezewa dawa za pumu mwaka baada ya mwaka pasipo nafuu.

Katika pumu, ugumu mkubwa huwa katika kutoa pumzi, filimbi husikika kifuani, na dawa ya kuvuta kwa mdomo huleta nafuu. Katika hitilafu ya nyuzi za sauti, ugumu huwa katika kuvuta pumzi, sauti hutoka shingoni, na dawa hiyo hiyo haisaidii, au husaidia kidogo sana.

Hata hivyo mtu mmoja huweza kuwa na maradhi yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo asiache dawa zake za pumu kwa kusoma maelezo haya. Atakayeamua ni daktari baada ya kumpima.

Neno "kubanwa" na namna ya kulifafanua

Kiswahili kina tabia moja ambayo katika jambo hili huweza kumpoteza daktari. Mtu akisema "nimebanwa", "nimebanwa na kifua" au "pumzi imenibana", wenzake humwelewa mara moja, kwa kuwa huo ndio usemi wetu wa kila ugumu wa kupumua. Lakini usemi huo hausemi ni wapi panapobana, wala ni pumzi ipi inayokataa. Mkalimani akiufasiri kama ulivyo, daktari atasikia kwamba kifua kinabana, na mawazo yake yataelekea kwenye moyo au pumu. Koo halitatazamwa.

Basi unapomweleza daktari, muuguzi au mkalimani, ongeza mambo manne:

• Onyesha kwa kidole mahali panapobana: je, ni shingoni au kifuani?
• Sema ni pumzi ipi iliyo ngumu: ile ya kuingia au ile ya kutoka?
• Eleza kama kuna sauti inayosikika, na kama ilisikika hata kwa mtu aliyekaa karibu.
• Taja kwamba ulipewa nusukaputi, na siku ulipopewa, hata kama hujaulizwa.

Shambulio likitokea nyumbani, na pakiwapo mtu wa pili, mtu huyo huweza kulirekodi kwa simu, picha pamoja na sauti, kwa sekunde chache. Mara nyingi mgonjwa anapofika kwa daktari shambulio limekwisha kupita, na rekodi hiyo humwonyesha daktari kile ambacho maneno hayakuweza kukieleza. Lakini kurekodi kusichelewe wala kuchelewesha msaada.

Mkalimani wa NHS hana malipo kwa mgonjwa. Ombeni awepo tangu mnapopanga miadi. Si vyema kumtwika mtoto kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa wa mzazi wake: huenda asiyajue maneno, na huenda akaficha yale yanayomtisha.

Waliopasuliwa shingo au kifua

Mishipa ya fahamu inayoziendesha nyuzi za sauti hupita shingoni, karibu kabisa na tezi ya thairoidi. Ule wa kushoto huteremka hadi kifuani na kuzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu kabla ya kupanda tena. Kwa sababu hiyo upasuaji wa rovu, au upasuaji mwingine wa shingo, wa moyo au wa pafu, huweza kuugusa mshipa mmojawapo. Pengine mrija wenyewe wa nusukaputi huleta athari ya namna hiyo, ingawa ni kwa nadra.

Uzi mmoja ukipooza, sauti huwa dhaifu na yenye upepo, mgonjwa huchoka kwa kuzungumza, kikohozi chake hukosa nguvu, na hupaliwa hasa na vitu vya majimaji kama maji na chai. Kupaliwa huku si jambo dogo, kwa kuwa kinachoingia njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu. Mgonjwa apimwe mapema na mtaalamu wa usemi na umezaji. Ikiwa mshipa ulivutwa au kubanwa tu, pasipo kukatwa, huweza kupona wenyewe kwa muda wa wiki au miezi. Usipopona, kuna mazoezi, kuna sindano ya kuujaza uzi uliolegea ili uweze kukutana na mwenzake, na kuna upasuaji. Nyuzi zote mbili zikipooza, njia ya hewa hubana, na hiyo ni dharura.

Waliopasuliwa tezi ya thairoidi wana mambo mawili zaidi ya kuangalia. La kwanza ni shingo kuvimba na kukaza, hasa katika siku ya kwanza: huenda damu inakusanyika ndani na kuibana njia ya hewa. Akiwa hospitali, muuguzi aitwe papo hapo; akiwa nyumbani, pigeni 999. La pili ni ganzi na mchonyoto kwenye midomo na vidole, au misuli kukakamaa: huenda kalisiamu ya damu imeshuka, na upungufu huo nao huweza kulikaza zoloto. Hali hii inahitaji simu kwa wodi saa ile ile. Pumzi ikiguswa, pigeni 999.

Waliokaa na mrija kwa siku nyingi

Mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akapumua kwa mashine kwa siku au wiki nyingi huweza kupata kovu ndani ya bomba la hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Kovu hujikaza polepole. Kwa hiyo dalili hazionekani siku ya kutoka hospitali, bali wiki au miezi baadaye: kupanda ngazi kunakuwa kugumu, pumzi inaanza kutoa sauti, na dawa ya pumu haifui dafu. Mtu wa namna hii akiambiwa kwamba ana pumu ambayo hakuwa nayo kabla, amkumbushe daktari wake kwamba aliwahi kukaa na mrija, na aombe koo lake litazamwe.

Watoto

Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na uvimbe ambao mtu mzima hauhisi huweza kumbana. Mtoto aliyetoka kuondolewa mafindofindo, au aliyepewa nusukaputi kwa sababu nyingine, aangaliwe namna anavyopumua hasa katika saa za mwanzo. Kikohozi chenye mlio mkavu kama wa kubweka, mkwaruzo wakati wa kuvuta pumzi, ngozi kuingia ndani kati ya mbavu au juu ya mfupa wa kifua, na pua kutanuka kila anapopumua, zote ni dalili za kupiga 999. Msimlaze kwa nguvu, wala msimtazame koo kwa kijiko. Mzazi ampakate katika mkao anaoupenda mwenyewe.

Mtoto akiwa na mafua, homa au kikohozi siku chache kabla ya upasuaji, ipigieni simu hospitali. Wazazi wengine hunyamaza kwa kuogopa kupoteza nafasi waliyoingoja kwa miezi mingi. Kuahirisha kwa wiki chache ni afadhali kuliko kumwingiza mtoto katika hatari inayoweza kuepukwa.

Pigeni 999 mara moja

Msingojee miadi, msimpigie kwanza jamaa aliye mbali, wala msimtafutie teksi, ikiwa:

• pumzi inaingia kwa mkwaruzo au mluzi mgonjwa akiwa ametulia, na hali hiyo haipoi;
• hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au hawezi kumeza mate yake;
• midomo au ulimi umebadilika kuwa wa buluu au kijivu; kwa mtu mweusi angalieni ndani ya mdomo, viganja na kucha;
• midomo, uso au ulimi umevimba, au vipele vimetokea ghafla mwilini, maana huo huenda ukawa mzio wa dawa;
• shingo inavimba baada ya kupasuliwa;
• amesinzia isivyo kawaida, amechanganyikiwa, au ameanguka.

Ikiwa hamna hakika kama ni hitilafu ya nyuzi za sauti au ni jambo jingine, chukulieni kwamba ni dharura. Hakuna awezaye kulipambanua hilo nyumbani kwa macho, hasa shambulio likiwa ni la kwanza. Kwenye simu, taja neno "ambulance" na anwani yako, kisha taja lugha yako, "Swahili", ili utafutiwe mkalimani. Ikiwa mgonjwa hawezi kusema, mtu mwingine ampigie.

Kumsaidia mgonjwa wakati wa shambulio

Haya yafanywe wakati msaada unangojewa. Kwa mgonjwa ambaye daktari amekwisha kuthibitisha kwamba ana hitilafu hii, ndiyo hatua za kwanza za kulituliza shambulio.

Mkalisheni wima, mabega yakiwa yamelegea. Fungueni vifungo vya shingo na kulegeza mtandio au ushungi. Zimeni chetezo, fungueni dirisha, na waombeni wageni watoke chumbani. Mtu mmoja tu aseme naye, kwa sauti ya chini na maneno machache.

Kisha mwongozeni hivi. Alegeze taya na kuuacha ulimi utulie chini mdomoni. Anuse kwa pua mara mbili, kwa wepesi na ufupi, kama anusaye asumini. Kunusa kwa namna hii huzisaidia nyuzi za sauti kufunguka. Halafu aitoe pumzi polepole kwa midomo iliyobinuliwa, kama apulizaye chai ya moto, au kwa kutoa sauti ndefu ya "sss". Arudie bila haraka hadi koo lilegee. Asijilazimishe kuvuta pumzi kubwa kwa mdomo, kwani ndivyo nyuzi zinavyozidi kukazana.

Msimnyweshe kitu chochote kwa nguvu, iwe maji, asali, samli au dawa ya kienyeji, maana njia ya hewa isiyotulia hupaliwa upesi. Mtoto asifukizwe kwa beseni la maji ya moto; kufukiza kwa namna hiyo huweza kumuunguza vibaya.

Uchunguzi na tiba

Daktari wa familia huweza kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huko hupitishwa kamera nyembamba puani hadi juu ya zoloto, mgonjwa akiwa macho. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Huudhi kidogo lakini haina upasuaji ndani yake. Kwa kuwa nyuzi huweza kuonekana timamu shambulio lisipokuwapo, pengine mgonjwa huombwa asome kwa sauti, avute pumzi kwa kasi au afanye zoezi ili dalili zijitokeze. Hupimwa pia nguvu ya mapafu yake kwa kupuliza na kuvuta hewa katika mashine.

Tiba iliyo kuu ya hitilafu ya mwendo wa nyuzi za sauti ni mafunzo ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Yeye humfundisha mgonjwa kupumua kwa namna ya kuzifungua nyuzi, kulitambua shambulio kabla halijapamba moto, na kuviepuka vichocheo vyake. Mazoezi hufanywa kila siku mtu akiwa mzima, ili siku ya haja mwili uwe umekwisha kuyazoea. Kiungulia hutibiwa, kwa sababu asidi inayopanda hadi kooni hulichokoza zoloto. Na mgonjwa akielekezwa kwa mshauri wa mambo ya wasiwasi, asidhani kwamba ameitwa mwendawazimu. Aliyekosa pumzi mara moja huishi akiingojea ya pili, na woga huo nao una tiba yake.

Matunzo ya nyumbani

Ni ada yetu kumjulia hali mgonjwa, na kila mgeni hutaka kusikia habari ya upasuaji kutoka kinywani mwake. Katika wiki ya kwanza, jamaa mmoja awe msemaji wake. Asipige kelele, na asinong'one pia, kwani kunong'ona hakulipumzishi koo kama watu wadhanivyo. Aseme kwa sauti yake ya kawaida, kidogo kidogo. Kujikohoza mara kwa mara ili kusafisha koo huzigonganisha nyuzi. Ni afadhali ameze mate au anywe funda la maji.

Udi, ubani, moshi wa sigara na wa shisha, mvuke wa pilipili inayokaangwa, na dawa kali za kusafishia choo viwekwe mbali naye hadi apone. Asilale mara baada ya kula. Apitishe saa 3 au zaidi, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo ikiwa ana kiungulia. Kwa wanaofunga Ramadhani, futari nzito karibu na wakati wa kulala huamsha kiungulia, na kukaa bila maji hulikausha koo. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji azungumze na daktari wake kabla ya kuanza kufunga, akitaka na mwanachuoni anayemwamini. Ruhusa ya mgonjwa inajulikana.

Wanaoishi kwa sauti zao, wakiwamo walimu wa shule na wa madrasa, waimbaji wa kwaya, waadhini na wanaojibu simu kazini, warudi kwenye kazi hiyo kwa hatua. Daktari huweza kuandika barua kwa mwajiri.

Kabla ya nusukaputi nyingine

Aliyewahi kupata tatizo hili anaweza kupewa nusukaputi tena. Asiukatae upasuaji anaouhitaji kwa ajili ya hofu hiyo. Ila daktari wa usingizi anapaswa kujua mapema ili achague namna ya kuilinda njia ya hewa, afikirie kama ganzi ya sehemu itatosha, na awaandae watakaomwangalia mgonjwa anapoamka. Asiyejua huweza kulidhania shambulio kuwa pumu, na pengine akamrudishia mgonjwa mrija usiohitajika.

Andikeni mambo yafuatayo kwenye karatasi moja, mpige na picha yake kwa simu, na muionyeshe katika kila kliniki ya maandalizi ya upasuaji:

• Upasuaji uliofanyika, mahali na tarehe.
• Kama mrija ulipitishwa, na kwa muda gani.
• Kilichotokea: sauti, pumzi au kumeza, kilianza lini na kikaisha lini.
• Ni pumzi ipi iliyokuwa ngumu, ya kuingia au ya kutoka.
• Dawa zilizotumika, na ile iliyosaidia au isiyosaidia.
• Maradhi mengine: pumu, kiungulia, mzio, uvutaji wa sigara.
• Lugha ya mgonjwa, na kwamba anahitaji mkalimani.

Kwa ushauri usio wa dharura, pigeni 111, usiku au mchana, na muombe mkalimani wa Kiswahili. Kwa pumzi inayokwama, pigeni 999.